Kuta za mbao Lamu: vya kununua ili zisibaki tupu, kuanzia kilicho bora

Mwenye nyumba Lamu ambaye kuta zake za ndani zimefunikwa mbao, naye angependa ziwe na michoro na miinuko ya kugusika, ni vyema aanze kufikiria unyevu kabla ya urembo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza maji, hewa ya bahari imejaa chumvi, na mbao hutanuka na kusinyaa kadiri misimu ya kaskazi na kusi inavyopokezana.

Kwa kipimo hicho, ninavyovitanguliza mimi ni vipande vya nakshi vilivyochongwa kwa mkono na maseremala wa mjini. Bei yake iko juu, lakini hudumu, na kimoja kikiharibika hubadilishwa peke yake. Napendelea nakshi ya Kibajuni, ambayo maumbo yake ya pembe na duara huchimbwa kwa kina kidogo, kwa sababu haikusanyi vumbi kama ile ya maua yaliyochimbuliwa sana, na taa ikiwashwa ubavuni kila mkato wa patasi huonekana. Kabla ya kulipa, kigeuze kipande utazame mgongo wake: ukikuta vitundu vidogo vyenye unga laini, mdudu yumo, na kiache hapo hapo. Uliza pia ni mti gani. Mbambakofi na mvule hustahimili, ilhali mwembe ni rahisi lakini huliwa upesi, hivyo usiununue kabla haujatiwa dawa. Kwa kufungia, nunua skrubu za shaba, kwani msumari wa chuma hushika kutu na kuacha michirizi myeusi isiyofutika.

Baada ya nakshi naweka fito za mikoko, ambazo ni nyembamba kuliko miti ya mikoko ya saizi nyingine, kama pau, mazio na boriti. Zikipangwa wima juu ya mbao, huupa ukuta mawimbi ya kupendeza. Chagua zilizonyooka na zilizokauka kabisa, na umwulize muuzaji kibali cha misitu, maana mikoko haikatwi kiholela.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa sana atafaidika zaidi na mkeka wa ukindu uliokazwa kwenye fremu, na gharama yake ni ndogo kuliko zote. Tazama pindo, kwa kuwa hapo ndipo mkeka huanza kufumuka, kisha uutundike ukiacha upenyo wa kidole nyuma yake ili usiote ukungu.

Rangi iliyochanganywa na mchanga naiweka chini, kwa sababu hupasuka kwenye maungio ya mbao na kuibandua ni kazi ya msasa ya siku nyingi. Paneli za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi sizipendekezi kabisa kwa mji huu, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, kwani zikipata maji huvimba na hazirudi tena katika umbo lake.