Zana za MediaWiki za kuzuia linki taka: ipi inafaa, ipi inachosha

Mimi na wenzangu wachache hapa Tanga tunaendesha wiki ya mapishi ya pwani. Yeyote anaruhusiwa kuhariri, na wauza kamari wanalijua hilo. Kwenye ukurasa wa mkate wa kumimina tulikuta linki ya kubeti imefichwa ndani ya nukta. Nukta ile ya kumalizia sentensi! Ukisoma huoni kitu. Ukibonyeza kuhariri ndipo unakutana na anwani ndefu kama treni.

Tunatumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, na zana zake za ulinzi nimezitumia za kutosha kuzisemea.

SpamBlacklist inastahili sifa. Tangu toleo la 1.21 la MediaWiki inakuja ndani ya furushi, unaongeza mstari mmoja tu kwenye LocalSettings.php, faili la mipangilio ya wiki. Hapohapo inaanza kusoma orodha ya tovuti zilizopigwa marufuku inayotunzwa Meta-Wiki, wiki ya uratibu, kwa ajili ya miradi yote ya Wikimedia, yaani Wikipedia na ndugu zake. Mtu akibandika linki iliyomo, ukurasa unakataa kuhifadhiwa. Hata vifupisho kama bit.ly vimo.

Kero inaanza unapotaka kuongeza tovuti zako mwenyewe. Ukurasa wake unaandikwa kwa regex, yaani alama za kueleza mpangilio wa herufi unaousaka, na regex haina huruma na mpishi. Ukiandika bet peke yake ukidhani umewafungia wauza kamari, umemfungia pia kila mwenye anwani yenye alphabet au tibet. Inabidi uweke \b, alama ya mpaka wa neno, mbele na nyuma, na kila nukta uitangulizie mkwaju wa kinyume. Halafu inakagua linki mpya tu. Zilizokwisha kuingia zinakaa kwa raha zao mpaka uzisake mwenyewe kwa Special:LinkSearch, ukurasa wa kutafutia linki.

Nofollow iko tayari bila kuiwasha: inaziambia injini za utafutaji zisiihesabie tovuti alama kwa linki hiyo. Google na wenzake walikubaliana hivyo mwaka 2005. Haidhuru kitu, ila usiitegemee, maana roboti ya kubandika taka haiulizi kama italipwa. Nuke nayo inafuta kwa mkupuo kurasa zilizoanzishwa na akaunti moja. Tamu sana asubuhi unapokuta mtu kamwaga kurasa za dawa za nguvu za kiume usiku kucha, lakini alichochomeka kwenye kurasa za wengine haikigusi.

Kwangu mimi, iliyomaliza kazi ni ConfirmEdit, inayomtaka mtu ajibu swali kuthibitisha kwamba si roboti. Usiiache na hesabu yake ya kawaida ya kujumlisha au kutoa, roboti zinaijibu kabla hujapepesa. Weka QuestyCaptcha, ambayo maswali unatunga mwenyewe. Letu linauliza: chombo cha kukunia nazi kinaitwaje? Tunapokea "mbuzi", tunapokea "kibao cha mbuzi", maana inaruhusu majibu zaidi ya moja, na herufi kubwa au ndogo hainuni. Tumeliweka kwenye kufungua akaunti na kwenye kuongeza linki mpya. Taka zimepungua mno. Kijana asiyejua jibu akamwulize mama yake, naye huenda ndiye mwenye mapishi tunayoyatafuta.

Badilisha maswali mara kwa mara, kwani wapo binadamu wanaolipwa kuyajibu. Wahariri wetu wa siku zote nimewapa skipcaptcha, ruhusa ya kuruka swali, kwa hiyo hawasumbuliwi na habari za mbuzi.