Nimerudi kwenye kaunta buku: mtambo wa kutafutia, nyota mbili na nusu

Kaunta buku yangu ni ya kwaya mbili, jalada jekundu. Nimeitoboa kona kwa msumari wa moto, nikaifunga kwa uzi wa katani kwenye mguu wa meza ya printa ili wateja wasiondoke nayo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa necta.go.tz, chini yake olas.heslb.go.tz, kisha portal.ajira.go.tz, na juu kabisa kwa wino mwekundu: USITAFUTE, ANDIKA HIVIHIVI. Mwandishi ni mimi. Mimi ambaye tangu 2003 nalipwa kutafutia watu vitu mtandaoni, leo naandika anuani za tovuti kwa mkono kama bibi anavyoandika namba za wanawe ukutani kwa mkaa.

Nina steshenari Sinza Mori. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha, napiga picha za pasipoti, lakini kodi ya fremu inatoka kwenye kuwajazia watu maombi: mikopo ya chuo, ajira, TIN, vyeti vya kuzaliwa. Kwa siku naweza kuuliza mtambo wa kutafutia maswali hata sitini, mengi ya Kiswahili, na karibu yote si yangu. Jina la mtambo silitaji. Mtaani limeshageuka kitenzi, na ukisema "bahari" hapa Dar hakuna anayeuliza ipi. Siku hizi watu wananiuliza, anti, hivi huu mtambo umeharibika au ni simu yangu? Basi haya ni majibu yangu, ya mtu wa kaunta.

Nilianza kwenye kafe ya intaneti pale Posta, enzi za dishi la setilaiti. Nusu saa ilikuwa shilingi mia tano, na picha ilishuka kama pazia: nywele kwanza, kidevu baada ya dakika. Tovuti nyingine za kutafutia zilikuja na habari, hali ya hewa, nyota za bahati, vyote vinapakia kwa mpigo huku saa ya mteja inakwenda. Mtambo huu ulikuja na ukurasa mweupe na kisanduku kimoja. Tuliupenda kwa kuwa ulifunguka kabla hela ya mtu haijaisha, na jibu la kwanza lilikuwa jibu kweli. Kuna baba mmoja, mwagizaji wa vipuri, alikuja na namba ya pampu ya dizeli aliyoiandika kwenye kipande cha boksi la sigara. Nikaichapa, jibu la pili likatupeleka moja kwa moja kwenye jedwali la mtengenezaji. Akaninunulia soda.

Ujanja wenyewe unaeleweka. Mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford waliichukulia kila linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kuwa ni kura, na kura ya ukurasa unaoaminiwa ikawa nzito zaidi. Ndivyo tunavyotafuta fundi: humuulizi yeye kama ni hodari, unawauliza mafundi wenzake. Katika andiko lao la mwaka huohuo walisema kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaegemea upande wa watangazaji na kumwacha mtafutaji. Waliyaandika wenyewe hayo. Mwaka 2000 wakaanza kuuza matangazo.

Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, ikawashwa Dar, kurasa zikaanza kufunguka fyaa. Tulishangilia. Hatukujua kwamba na taka nazo zilikuwa zinasubiri barabara ya lami.

Njoo fremuni kwangu Januari, siku ya matokeo ya kidato cha nne, uone. Mwaka huu mama mmoja aliingia saa kumi na moja jioni, ameshika simu kwa mikono miwili kama ameshika kikombe cha chai ya moto. "Anti, matokeo ya mwanangu hayafunguki." Nikaitazama simu. Alikuwa ametafuta vizuri tu, kwa Kiswahili safi: matokeo ya kidato cha nne na jina la shule. Jibu la kwanza blogu. Kichwa cha habari kina mwaka, kina neno "rasmi", kina mishale mitatu ya kuelekeza chini. Ndani aya nne zinazoeleza NECTA ni nini, mtihani ni nini, mwanafunzi ni nani. Kisha BOFYA HAPA. Ukibofya unaletewa tangazo la kubeti. Ukilifunga unapelekwa ukurasa mwingine wa blogu ileile, na BOFYA HAPA nyingine. Mwishoni unaambiwa ujiunge na kundi la WhatsApp ili utumiwe matokeo. Yule mama alikuwa ameshajiunga na makundi matatu. Bando la siku lilikuwa limeisha, na mwanawe alikuwa nje amekaa kwenye ngazi, hataki kuingia.

Nikafungua kaunta buku ukurasa wa kwanza. Dakika mbili tukawa tumeliona jina. (Alifaulu. Divisheni mbili. Mama alilia kuliko mtoto.)

Baada ya wateja kuondoka nilikaa nikashuka na kidole polepole kwenye majibu yale. Baraza la Mitihani lenyewe, linalotunga na kusahihisha, nililikuta la saba. Sita za juu ni blogu, na mbili kati ya hizo zina aya zilezile neno kwa neno, hata kosa la tahajia ni moja.

Mwenye blogu namwelewa, ni mtafutaji kama mimi. Analipwa kila tangazo linapoonekana, kwa hiyo anaandika ukurasa wiki tatu kabla matokeo hayajatoka, anaupa kichwa chenye maneno hasa yatakayochapwa na mama yule, kisha anasubiri. Mtambo unaona ukurasa mpya, unaona maneno yamelingana, unaupandisha. Linaloniudhi ni hili: matangazo mengi ya kwenye blogu za namna hiyo yanauzwa na kampuni ileile yenye mtambo. Anayekuelekeza njia anagawana nauli na anayekupoteza.

Waliowahi kupanda basi Ubungo ya zamani wanamjua huyo mtu. Unashuka na begi, unauliza basi la Iringa, kijana analinyakua begi kabla hujamaliza sentensi, anakwambia twende mama linaondoka sasa hivi. Basi lipo, ni la Iringa kweli, lakini si lililo bora wala la kwanza kuondoka. Ni lile linalompa chochote kitu.

Mwanzoni nilidhani ni sisi tu wa Kiswahili. Kumbe wenzetu nao wanalia. Mwaka 2024 watafiti wa Leipzig na Weimar kule Ujerumani walitoa matokeo ya kufuatilia kwa mwaka mzima maswali 7,392 ya watu wanaotafuta maoni kuhusu bidhaa. Wakakuta kurasa zinazopanda juu ni zile zilizopambwa zaidi ili zipande, zenye linki nyingi za kumpa mwandishi kamisheni, na maandishi yake ni hafifu kuliko ya wengine. Kila mara mtambo ulipojaribu kusafisha, taka zilipungua kidogo kisha zikarudi. Na hawakuupima mmoja tu: wapinzani wake nao walikutwa na uchafu huohuo. Tofauti yetu ni kwamba Mwingereza akichambua taka bado chini yake kuna mlima wa kurasa nzuri. Kiswahili ukichambua taka, mara nyingi unagusa sakafu.

Halafu ikaja akili mnemba. Sasa kabla hujaona tovuti hata moja, kuna kiboksi juu kinachokujibu kwa sentensi zilizonyooka. Mei 2024 kiboksi hicho kilipofunguliwa kwa Wamarekani kiliwashauri watu waongeze gundi kwenye mchuzi wa piza ili jibini isidondoke. Kilikuwa kimeokota utani wa zamani wa mtu mtandaoni. Walicheka. Changu hakikunichekesha.

Alikuja mzee mmoja kutoka Kigogo, kavaa koti siku ya jua kali. Shikamoo, marahaba, akakaa. Kitambulisho chake kimeibwa pamoja na pochi kwenye mwendokasi. Mjukuu wake alikuwa ameshamtafutia utaratibu kwenye simu, akauandika kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko mzuri kabisa, namba moja hadi tano. Namba moja: chukua abstract polisi. Namba mbili: nenda Huduma Centre iliyo karibu nawe. Mzee alikuwa ameshinda siku mbili anatafuta Huduma Centre. Alikwenda Magomeni, akaelekezwa ofisi ya mtaa, ofisi ya mtaa wakamwambia labda ni mjini. Mwenye bajaji mmoja akasema anaijua, akamchukua mpaka kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao wa simu.

Huduma Centre ni vituo vya huduma za serikali ya Kenya, baba. Ziko Nairobi, Mombasa, Kisumu. Mjukuu aliuliza kwa Kiswahili bila kutaja nchi, na kiboksi kikachukua Kiswahili cha majirani kikampa Mtanzania, bila kusita, bila hata kusema "kama uko Kenya". Zamani mtambo ungemletea tovuti ya Kenya na angeona .ke pembeni, angeona bendera, angeshtuka. Sasa bendera imekatwa, yamebaki maneno matupu yenye adabu. Nilimwandikia mzee upya: ripoti ya kupotelewa polisi, kisha ofisi ya wilaya yake ya NIDA, watoaji wa vitambulisho vya taifa. Hela yangu nilikataa. Akaniachia ndizi mbili mbivu juu ya printa, ukaidi wa wazee.

Nisiwe mchoyo wa sifa lakini. Mtambo huu bado unajua kusoma mwandiko wa akili yangu. Naandika neno nusu, kwa makosa, vidole vina wino wa tona, na unajua nataka nini. Ramani zake zimenifikisha Goba kwenye vichochoro ambavyo hata wenyeji wanabishana. Ukitaka sheria ya zamani au tangazo la serikali lililofichwa ndani ya faili, andika maneno yako kisha uongeze site:go.tz, utaona kazi; anuani za go.tz ni za taasisi za serikali peke yake, kwa hiyo blogu zote zinapukutika kama majani ya mwarobaini. Weka maneno ndani ya alama za kunukuu ukitaka yaje hivyohivyo. Na kwenye ule mstari wa juu wenye Picha, Video, Habari, sogeza mpaka uone kichujio cha Wavuti: kiboksi kinatoweka na zinabaki linki tupu kama enzi zile za Posta. Kichujio hicho kiliwekwa mwaka uleule wa kiboksi, nadhani kuna mtu kule ndani naye alikuwa amechoka.

Mingine nimejaribu. Mwezi mzima nilitumia mitambo miwili tofauti, mmoja wiki mbili, wa pili wiki mbili. Kwa Kiingereza wala sikuona pengo. Kwa Kiswahili mmoja aliniletea Biblia kwa kila swali, wa pili akanipa kurasa zilizotafsiriwa na mashine ambamo "mouse" ya kompyuta ni panya na inapaswa kulishwa betri. Nikarudi. Sikuwa na furaha ya kurudi.

Mteja wangu wa chuo, anayesoma sheria, ndiye aliyeniambia kwamba Agosti 2024 jaji wa Marekani anayeitwa Amit Mehta aliamua kuwa kampuni hii ilivunja sheria ili kubaki peke yake sokoni, na kwamba mwaka 2022 ililipa dola bilioni 20 kwa Apple ili mtambo wake ndio ufunguke kwanza kwenye simu zao. Nikamuuliza bilioni 20 za dola ni ngapi za kwetu. Kikokotoo cha fremuni kina tarakimu nane tu, hazikuenea. Lakini nilielewa kitu. Aliyelipia kuwekwa mlangoni hana haraka ya kufagia ndani.

Na mimi niseme ukweli, ubovu wake unanilisha. Mwaka 2015 vijana walianza kujifanyia wenyewe kwenye simu na nilidhani nitafunga niuze vitenge. Sasa wamerudi. Wanakuja na fomu walizoprinti kwenye blogu, fomu za ajira ambazo hazipo, zenye namba ya kutuma elfu ishirini ya "usajili". Maombi ya kazi serikalini ni bure, mwanangu, nawaambia kila siku, na natoza buku mbili kuwaketisha na kuwajazia mahali sahihi. Kuna jioni nahesabu droo na naona aibu kidogo. Kidogo tu, kodi ni ya miezi sita.

Nyota mbili na nusu, basi. Kwa Kiingereza ningeupa tatu na nusu. Ile nusu ni ya ramani.

Kaunta buku ipo palepale, saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kusoma na kupiga picha ni bure hata kama hununui kitu. Ila aliyechana ukurasa wa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, wiki iliyopita aurudishe. Anuani nimeshaiandika upya, lakini nyuma ya ule ukurasa kulikuwa na orodha ya wanaonidai na ninaowadai, na upande wa pili siukumbuki wote.