Masomo ya Bob Woodward: Mazuri kwa Mahojiano, Mepesi kwa Riziki

Masomo ya Bob Woodward kuhusu habari za uchunguzi, yanayotolewa kwa video na kampuni ya MasterClass ya Marekani, hulipiwa kwa ada ya uanachama badala ya kununuliwa moja moja, na lugha yake ni Kiingereza. Kwa mwandishi wa Mwanza au Mombasa anayelipwa kwa idadi ya habari zilizochapishwa, ada inayotozwa kwa dola si jambo dogo. Kwa hiyo nimeyapima kwa swali moja tu: yanamsaidia kwa kiasi gani mtu anayepaswa kumhoji mtoa taarifa asiyetaka kuzungumza, kisha aishi kwa kalamu yake? Kwa nusu ya kwanza ya swali hilo ni mazuri sana, lakini kwa nusu ya pili ni mepesi.

Mwalimu mwenyewe hahitaji utambulisho mrefu. Yeye na Carl Bernstein ndio walioandika katika Washington Post habari za Watergate, sakata lililoanza kwa kukamatwa kwa watu watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic tarehe 17 Juni 1972 na kuishia kwa Rais Richard Nixon kujiuzulu Agosti 1974. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba gazeti hilo hilo lilimjaribu kwa wiki mbili mwaka 1970, likaona hafai, naye akaenda kwenye gazeti dogo la jimbo la Maryland kwa takriban mwaka mmoja kabla ya kurudi na kuajiriwa 1971. Alipotumwa mahakamani kuwafuatilia wale watu watano alikuwa bado mgeni katika chumba cha habari, na alichofanya hakikuwa na ufundi wowote wa ajabu: alitega sikio kwa makini, akamsikia mmoja wao, James McCord, akimjibu hakimu kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kufanya kazi CIA, shirika la ujasusi la Marekani.

Thamani ya masomo haya imo katika sehemu ya mahojiano. Woodward anasisitiza kwamba mwandishi aende mwenyewe, uso kwa uso, akiwa amemsoma anayemhoji kiasi kwamba mhojiwa aone kuwa amechukuliwa kwa uzito unaostahili. Kisa anachopenda kukisimulia ni cha jenerali mmoja aliyekataa kujibu barua pepe na simu zake. Mwishowe alimfuata nyumbani bila miadi, akagonga mlango saa mbili na robo usiku, akiwa amekadiria kuwa saa hiyo watu wamekwisha kula lakini hawajalala. Jenerali alifungua, akamuuliza kwa maneno yasiyo ya heshima kama bado anaendelea na kazi hiyo, kisha akamruhusu kuingia. Jambo la kuzingatia hapo ni ile saa, kwa sababu inaonyesha kwamba ujasiri wa kugonga mlango ulitanguliwa na hesabu ya maisha ya mtu mwingine, na hesabu ya namna hiyo haifundishwi katika vyuo vyetu vingi, ambako somo la mahojiano huishia kwenye orodha ya maswali ya nani, nini, lini na wapi.

Hata hivyo, mbinu hii haihami kirahisi. Karani wa halmashauri anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na choo cha pamoja hawezi kutembelewa usiku kwa siri. Kabla mgeni hajamaliza kuitikiwa hodi, wapangaji wote wameshamwona, na asubuhi mjumbe wa nyumba kumi anaweza kuuliza yule aliyebeba begi alikuwa nani. Kwa mtoa taarifa wa aina hiyo, msibani, kwenye foleni ya zahanati au ndani ya daladala ni mahali salama kuliko sebuleni kwake. Ndivyo ilivyo pia kwa ule ushauri wa kunyamaza baada ya swali ili mhojiwa ajaze pengo. Kwa ofisa wa makamo mwenye haraka unafanya kazi vizuri ajabu. Kwa mzee wa Pwani aliyepokea shikamoo yako dakika tano zilizopita, kimya cha kijana ni adabu tu, na anaweza kukiacha kiendelee hadi chai ipoe bila kuona kwamba anadaiwa jibu.

Ningemshauri kila anayeyafuata asome pembeni habari ya tarehe 25 Oktoba 1972, kwa sababu inafundisha kuliko ushindi wote wa Watergate. Siku hiyo gazeti liliandika kwamba Hugh Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni ya Nixon, alilieleza baraza la mashtaka, yaani jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe, kuwa H. R. Haldeman, msaidizi mkuu wa Rais, alikuwa na mamlaka juu ya mfuko wa siri wa fedha za kampeni. Moja ya uthibitisho wao ulipatikana kwa njia ya ajabu: Bernstein alimwambia mwanasheria mmoja wa serikali kwenye simu kwamba atahesabu hadi kumi, na kama habari ina kasoro basi akate simu. Simu haikukatwa, kumbe mwanasheria alikuwa ameelewa kinyume. Sloan hakuwahi kulieleza baraza jambo hilo, kwa sababu hakuulizwa. Mfuko ulikuwepo na Haldeman alihusika, ila kosa la nani alisema nini, na wapi, lilitosha kuwapa Ikulu silaha ya kuishambulia kazi yote.

Kuhusu nyaraka sina mengi. Masomo yanahimiza kuzitafuta kabla ya kumhoji mtu, na msomaji wetu anaweza kuanzia kwenye sheria za haki ya kupata taarifa za mwaka 2016, ambazo zinaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu nchini Tanzania na siku 21 nchini Kenya.

Pale yanapogusa maisha ya mwandishi ndipo yanapopwaya. Uvumilivu anaoufundisha Woodward, wa kurudi kwa mtu yule yule mara nyingi hadi azungumze, ulilipiwa na mshahara wa gazeti tajiri na mhariri aliyekubali kusubiri. Mwandishi wa mkoani anayejilipia nauli ya bodaboda, na ambaye habari yake ikiwekwa kapuni halipwi chochote, hana anayemlipia kusubiri huko. Matokeo yake ni ile bahasha ya kaki inayogawiwa baada ya semina, ambayo wengi huiita nauli, na ambayo humfanya mwandishi amhoji kesho mtu aliyempa fedha jana. Mafunzo yoyote ya kujenga kazi ya uandishi katika eneo letu yanapaswa kuanzia hapo, pamoja na namna ya kupatana malipo na wahariri wa nje.

Mfano wa Woodward mwenyewe unaleta swali jingine, ambalo masomo hayangeweza kulijibu kwa kuwa yalirekodiwa kabla. Tarehe 7 Februari 2020 Donald Trump alimwambia kwa simu kwamba virusi vya korona huenea kwa hewa na ni hatari kuliko mafua makali, lakini umma uliyasikia maneno hayo Septemba, kitabu cha Woodward kilipokaribia kutoka. Woodward alijitetea kwamba alihitaji muda wa kuhakikisha aliyoambiwa. Utetezi huo una uzito, ila haunitoshelezi, maana ratiba ya kitabu si ratiba ya ugonjwa.

Kwa anayetaka kujiunga, ushauri wangu ni kwamba wawili au watatu wa chumba kimoja cha habari wachange ada na kuyatazama pamoja, waanze na sehemu za mahojiano na ushahidi, kisha kila mmoja aandike majina matatu ya watu katika wilaya yake wasiojibu simu na saa ambayo kila mmoja wao hupatikana akiwa ametulia. Sehemu zinazohusu kuwahoji marais zinaweza kusubiri.