Uzoefu wangu na Das Testament des Dr. Mabuse (1933): adui anayeua kwa sauti

Kama umezoea picha ambazo adui anajitokeza mapema, anacheka, anatangaza kisasi chake, halafu steringi anaanza kumsaka, Das Testament des Dr. Mabuse itakuchanganya. Adui wa picha hii, Dr. Mabuse, karibu haongei kabisa. Yuko kitandani katika hospitali ya wagonjwa wa akili, macho yamemtoka, mkono unaandika bila kupumzika, kurasa zinaanguka sakafuni na manesi wanaziokota. Kisha anakufa, na picha bado mbichi. Lakini kila alichokiandika kinaendelea kutokea mjini: duka la vito linavamiwa, noti bandia zinachapwa, watu wanauawa. Nani anatoa amri?

Kwangu mimi hii ndiyo picha bora ya uhalifu ya miaka ile ambayo sinema ndiyo kwanza ilikuwa imepata sauti, na nimeziangalia nyingi. Nyingi zimechakaa. Waigizaji wamesimama kama wamepigiliwa misumari, kwa sababu maikrofoni ilikuwa sehemu moja na hakuna aliyethubutu kuisogelea wala kuiacha. Fritz Lang aliitengeneza hii Berlin mwaka 1932, ikiwa picha yake ya pili tu yenye sauti baada ya M ya mwaka 1931, na tayari alikuwa ameshajua kwamba sauti inatisha zaidi pale usipomwona anayeitoa.

Kwa asiyemjua Mabuse: anatoka katika riwaya ya Norbert Jacques, na Lang alishamtengenezea picha ya kimya mwaka 1922, ndefu ya kupita saa nne, iliyogawanywa sehemu mbili. Humo alikuwa mcheza kamari na bingwa wa kuwatawala watu kwa macho yake, akaishia kurukwa na akili. Si lazima uione hiyo kwanza. Unachohitaji kujua ni kwamba mtu huyu alishindwa, akafungiwa, na miaka kumi yote alikuwa anaipikia jamii iliyomshinda kisasi chake. Hamtafuti mtu mmoja aliyemkosea. Anataka reli zilipuliwe, mazao yaharibiwe, fedha ipoteze thamani, watu wafike mahali hawaamini tena kitu chochote, ili uhalifu wenyewe ndio utawale. Rudolf Klein-Rogge, aliyemwigiza tangu ile ya kimya, anafanya yote hayo kwa uso tu. Sijaona adui mwingine anayekaa kichwani namna hii kwa dakika chache hivyo za kuonekana.

Mwanzo wake nauweka juu ya mianzo yote ninayoijua. Kuna chumba kama stoo, na kuna kishindo cha mtambo, du, du, du, mpaka chupa zilizo juu ya meza zinatetemeka. Kamera inazungukazunguka, kisha inamkuta bwana mmoja amejibanza nyuma ya kasha, bastola mkononi, jasho linamtoka. Wanaingia watu wawili. Mmoja anakiona kiatu chake kimechomoza, anamwonyesha mwenzake, na wote wawili wanajifanya hawakuona kitu. Midomo inacheza, ila hatusikii hata neno, kwa sababu ule mtambo umemeza kila kitu. Mdogo wangu niliyekuwa naangalia naye alichukua rimoti kuongeza sauti akidhani mazungumzo yamekatika. Hayakukatika. Lang ametuweka pale pale nyuma ya kasha, tusikie anachosikia yule bwana: kishindo tu, na kifo kinakuja.

Bwana huyo ni Hofmeister, askari kanzu aliyefukuzwa kazi kwa kula rushwa, na anatafuta namna ya kulisafisha jina lake. Anatoroka, pipa linamlipukia njiani, anapona. Usiku anampigia simu Kamishna Lohmann kumtajia aliyeko nyuma ya genge hilo. Kabla hajalitaja jina, taa zinazima. Tunasikia risasi. Lohmann yuko upande wa pili, ameshika mkonga wa simu, hawezi kufanya lolote ila kusikiliza, na kinachomfikia baada ya pale ni sauti nyembamba ya mtu mzima anaimba kama mtoto. Hofmeister ameshapata wazimu. Kwa muda wote uliobaki atakuwa anaimba kiwimbo hicho hicho kila anapoogopa. Usiku wa kwanza nilipoiona, nilikaa na kiwimbo kile kichwani mpaka asubuhi.

Halafu kuna mauaji ya Daktari Kramm, ambayo naamini kila anayesomea kutengeneza filamu angeyaangalia kwa makini, shoti kwa shoti. Kramm amegundua kwamba wizi ulioripotiwa gazetini ni ule ule ulioandikwa na mgonjwa wa wodini. Kwa bahati mbaya amemweleza mkubwa wake, Profesa Baum. Anaendesha gari kurudi kwake, taa inawaka nyekundu, magari yanasimama. Gari la pembeni linapiga honi. La nyuma nalo linapiga. Madereva wengine wanacheka, wanajiunga, kila mmoja anapiga honi yake, barabara nzima ni kelele. Anayeishi mji wenye foleni anaijua kelele hiyo, na wala haimshtui. Ndani ya kelele hiyo risasi inafyatuliwa na hakuna anayeisikia. Taa inageuka kijani, magari yote yanaondoka, na tunaona kutoka juu gari moja limebaki limesimama peke yake. Hakuna muziki wala aliyepiga ukelele. Trafiki anakuja kumuuliza dereva kwa nini haondoki.

Nimesema sana kuhusu sauti kwa sababu huko ndiko adui aliko. Majambazi wa genge wanapokea amri katika chumba chenye pazia. Nyuma ya pazia kuna kivuli cha mtu, na kivuli kinaongea. Aliyethubutu kulisogelea pazia alikufa. Sitasema kuna nini nyuma yake, ila nikupe mfano mdogo wa akili ya picha hii: Profesa Baum anajifungia ofisini, na kila mtu akigusa kitasa cha mlango anamsikia akisema kwa ukali kwamba hataki kusumbuliwa. Watu wanaondoka kwa heshima. Sasa jiulize ni nani anayejibu, kama kila mara maneno ni yale yale kwa sauti ile ile.

Mambo madogo ya namna hii yamejaa. Mtu anauliza swali katika onyesho moja, linajibiwa na mtu mwingine kabisa katika onyesho linalofuata, mahali pengine. Bomu linahesabu dakika, ti, ti, ti, na kabla hujapumua mlio umekuwa kijiko cha jambazi anayegonga yai lake la kuchemsha mezani. Mwaka 1932! Watengenezaji wengi wakati huo walikuwa bado wanahangaika waigizaji wasikike vizuri tu.

Ndiyo maana naomba, kwa wale ambao kama mimi wamekulia kwenye banda la video wakiangalia picha za DJ anayetafsiri: hii msiitafutie sauti ya DJ. Nawapenda wale jamaa, wametufundisha kupenda sinema, na picha za ngumi zilinoga zaidi mikononi mwao. Lakini hapa ukifunika kishindo cha mtambo, honi na ile minong'ono, umemfunika adui mwenyewe. Vumilia Kijerumani, soma maandishi ya Kiingereza chini, na kama una hedifoni nzuri zivae.

Sasa kasoro. Kuna kijana anaitwa Kent, mfungwa wa zamani aliyejiunga na genge kwa kukosa kazi, na binti anayempenda, Lilli, aliyekutana naye kwenye ofisi ya kutafutia watu ajira. Maonyesho yao ya mapenzi yanavuta. Gustav Diessl anamcheza Kent kwa uso mmoja, na Wera Liessem kapewa kazi ya kulia na kusubiri tu. Kila wanapobaki wawili picha inapoa, mpaka pale wanapofungiwa chumba kimoja na bomu na Kent kuamua kukijaza maji. Hapo wanarudi kwenye uhai. Hata hivyo sipendekezi uruke sehemu zao, kwa sababu Kent ndiye anayetuonyesha genge linapata wapi watu. Mwanzoni mwa 1932 Ujerumani ilikuwa na watu milioni 6 wasio na kazi. Mtu aliyetoka jela, hana anayempokea, anapewa bahasha ya mshahara na kuambiwa asiulize maswali. Hilo halihitaji kuelezwa na mtu.

Na kasoro ya pili ni mzimu wa Mabuse, wenye macho makubwa ya duara na ubongo uko nje, unaomtokea Profesa Baum usiku. Wengine wanausifu. Mimi naona ule mkono unaoandika ulitisha kuliko mzimu wowote.

Anayeibeba picha ni Otto Wernicke, Kamishna Lohmann, yule yule wa kwenye M. Mnene, anavuta sigara, ana hasira za haraka, anatamani jioni moja tu aende opera asiikose sehemu ya kwanza. Anapomkalia jambazi kumhoji huoni ubabe, unaona mtu mzima aliyechoka kudanganywa.

Historia ya picha yenyewe inazidi kuipa uzito. Hitler alikuwa kansela tangu Januari 30, 1933, na mwishoni mwa Machi picha ikapigwa marufuku Ujerumani kabla haijaonyeshwa. Onyesho la kwanza likafanyika Budapest mwezi Aprili, na Wajerumani wa magharibi walisubiri mpaka 1951. Lang baadaye alisema alimwekea yule mwendawazimu maneno ya Manazi, chama cha Hitler, mdomoni makusudi. Ninalipokea hilo kwa tahadhari, kwa sababu alilisema akiwa Marekani, miaka kumi baada ya tukio, na pia alipenda kusimulia kwamba alikimbia Berlin usiku ule ule alioitwa na Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, wakati mihuri ya pasipoti yake inaonyesha aliingia na kutoka kwa miezi kadhaa. Tena aliyeandika naye muswada, mkewe Thea von Harbou, alibaki na akajiunga na chama hicho hicho. Lakini waliopiga marufuku walijua walichokiona: mtu mmoja anayeandika chuki chumbani, na wenye elimu, kama Profesa Baum, ndio wa kwanza kuinama. Baum ndiye aliyenitisha kuliko wote. Msikilize anavyowahutubia wanafunzi wake kuhusu Mabuse darasani, jinsi sauti inavyobadilika taratibu kutoka uchunguzi kwenda ibada.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano; ile nusu wameichukua Kent na Lilli. Inachukua saa mbili hivi, kwa hiyo usiianze umechoka.

Ukiitafuta, chukua nakala iliyokarabatiwa yenye sauti ya Kijerumani. Zile zilizotiwa sauti za Kiingereza na kukatwa ziache. Lipo pia toleo la Kifaransa ambalo Lang alilipiga wakati ule ule, seti zile zile, Klein-Rogge akiwa Mabuse kote kuwili. Liangalie baadaye ukitaka kulinganisha, ila usianzie hapo, maana Wernicke hayumo, na Lohmann mwingine si Lohmann.