Nailoni ya kupitisha mwanga dhidi ya minyoo fundo: uzoefu wangu wa kaskazi (msimu wa joto) mbili, Wete, Pemba

Minyoo fundo ni minyoo midogo sana ya udongoni inayovimbisha mizizi, na nailoni hii hutandazwa juu ya udongo ili joto la jua liiue. Kwa kitalu nasema bila kusita: nunueni. Kwa shamba zima, ngojeni kwanza nieleze.

Soya niliipanda kwa ajili ya chakula cha kuku. Ikadumaa, majani yakageuka manjano, na kila ikifika saa saba mchana ilinyauka ingawa udongo una maji. Muuza pembejeo mmoja akaniuzia dawa ya kupulizia majani. Nikapulizia mara tatu, haikusaidia kitu. Bibi shamba alipokuja hakutazama hata jani. "Mwanangu, ng'oa shina moja tuone huko chini." Mizizi imejaa mafundo. Nikamwambia hivyo si ndivyo vinundu vya rutuba, vile vya bakteria wanaoulisha mmea, na soya ni jamii ya kunde? Akanionyesha, na hili natamani kila anayelima kunde, choroko au soya alijue: kinundu cha rutuba kimejishika ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka, na ukikipasua kikiwa hai ndani kina rangi ya waridi. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hulitoi mpaka uukate mzizi.

Nailoni niliagizia Darajani, mjini Unguja, ikaja kwa meli. Chukua ile nyeupe inayoonyesha, si nyeusi, ili jua lipite liuchome udongo wenyewe. Nilitifua, nikachanganya samadi ya kuku, nikamwagilia mpaka maji yakazama, kwa sababu udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Nikaitandaza imelala juu ya udongo, kingo nikazifukia pande zote. Ikakaa wiki 6, tokea katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari, kabla ya masika. Wakati wa kipupwe msijisumbue, jua halina nguvu hiyo.

Miche ya tungule niliyoatika pale ilitoka na mizizi myeupe, haina fundo hata moja. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu siku ile, kwa furaha. Soya nayo ilifunga maganda vizuri, ila wakati wa kuvuna nikakuta mafundo kwenye mizizi ya chini. Kosa lilikuwa langu: baada ya kufunua nililima kwa jembe, nikaupandisha udongo wa chini. Joto linafanya kazi vizuri kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu tu. Minyoo iliyo chini zaidi inabaki, na kwenye udongo wa joto kama wetu inapata kizazi kipya kwa mwezi mmoja hivi, jike mmoja akitaga mayai mamia. Kaskazi ya pili nilichimba vishimo vya mbegu tu, na mafundo yalipungua sana.

Magugu mengi yalikufa. Ndago haikufa, ilitoboa nailoni ikatoka.

Tahadhari kwa wanaotafuta mbegu za soya "zinazostahimili minyoo": ushauri mwingi wa kwenye intaneti unahusu minyoo ya vifuko, aina nyingine inayoshambulia mizizi ya soya, ile iliyoonekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1954, huko North Carolina. Mbegu inayoistahimili hiyo si lazima iistahimili minyoo fundo. Muulizeni muuzaji ni minyoo ipi.

Ubaya wake ni kuchanika. Mbuzi wa jirani walipita juu mara moja tu, nikaziba matundu kwa tepu siku nzima, kwa kuwa tundu likiachwa joto linapotea. Na vipande vyote lazima uviokote, visibaki shambani wala visiende baharini. Kwa eneo kubwa gharama inakuwa nzito, kwa hiyo mimi nafunika kitalu na matuta manne, kwengine napanda karanga kwa mzunguko, ambazo minyoo fundo tuliyonayo haizipendi. Roli imekunjwa bandani, bado inafaa kwa kaskazi ijayo.