Multimita au osiloskopu: kipi kitakuonyesha kwa nini mashine haihesabu sarafu?

Sarafu imeingia, mashine kimya. Anza na multimita, kifaa cha kupima volti na kuona kama waya umeungana. Itakuambia upesi kama kipokezi cha sarafu kinapata umeme wake (vingi hutumia volti 12 za DC), kama kuna waya uliokatika, na kama ardhi (waya wa volti sifuri) ya kipokezi imeungana na ya bodi inayohesabu sarafu. Viunganishi vilivyolegea au kushika kutu hunaswa hapa hapa.

Shida ni palsi yenyewe, yaani ishara fupi ya umeme ambayo kipokezi hutuma kwa bodi sarafu inapoingia. Katika vipokezi vingi hudumu milisekunde 20 hadi 100 tu, ilhali skrini ya multimita hubadilika mara chache kwa sekunde. Palsi inapita bila kuonekana, na kipokezi kizima kinatupwa kwa kuonewa! Osiloskopu, kifaa kinachochora jinsi volti zinavyobadilika kwa muda, hukuonyesha palsi ikishuka karibu na sifuri, upana wake, hata makelele ya umeme ya mota yanayohesabiwa kama sarafu. Volti ya waya wa palsi isipopanda kabisa, kagua rezista inayouvuta juu: vipokezi vyenye kolekta wazi (towe linaloweza kushusha volti tu) haviwezi kupandisha volti vyenyewe.

Mwenye fedha ya kifaa kimoja anunue multimita. Ila mashine ikiruka sarafu moja moja bila mpangilio, azima osiloskopu mapema.