Kiwanja cha ndege cha Papa Westray: nimetua, nasifu

Mwanangu ni muuguzi Kirkwall, mji mkuu wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Nilipokwenda kumtazama mwezi wa sita akanambia, "Mama, kuna kiwanja nataka ukione." Mie mtu wa Chumbageni, Tanga, ndege ndogo za kwenda Pemba nimeshazipanda, sikudhani nitaona kigeni.

Ndege ni Islander, ina injini mbili na nafasi chache, na abiria mmoja hukaa ubavuni mwa rubani. Nikawekwa mimi pale mbele, pangaboi zinazunguka kulia na kushoto kwangu. Ila tuliondoka adhuhuri badala ya asubuhi kwa ajili ya ukungu. Ukungu ukishuka hutasafiri, hata kama tiketi unayo mkononi. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja alijue hilo.

Tulipitia kwanza kisiwa cha Westray. Kutoka hapo hadi kisiwa cha Papa Westray ni kilomita 2.7 tu, na katika safari za ndege zenye ratiba duniani hakuna fupi kuliko hii. Ilianza mwaka 1967, na iliyowahi kwenda kasi kuliko zote ilichukua sekunde 53. Yetu ilizidi kidogo. Ndege ilipoinuka nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikamaliza, nikaanza ya pili. Sijafika nusu magurudumu yakagusa chini. Ni kama upande ndege Raskazone ukashukie kisiwa cha Toten.

Sasa kiwanja chenyewe. Njia kuu imeshindiliwa changarawe, haifiki mita 600, nyasi zimeikumbatia pande zote. Njia nyingine ni nyasi tupu. Niliinama nikazishika: fupi, nene, zimelowa, zina harufu ya chumvi kama kanga iliyoanikwa ufukweni. Kibanda kidogo na gari la zimamoto, hakuna kingine. Na wazimamoto ni wenyeji wa hapohapo. Aliyetupokea alivaa suruali ya zimamoto, mabuti yana samadi mbichi. Kikapu changu cha ukili alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wa kitako, akamuuliza mwanangu kimesukwa na nani. Ndege ilipopaa, alivua ile suruali, akaikunja, akapanda trekta lake.

Pale ndipo moyo wangu ulipokamatwa. Kisiwa kizima hakina watu 100, na ndege inawafuata. Mwalimu anapanda, mgonjwa anapanda, bibi anayekwenda kwa daktari anapanda, kama sie tunavyodandia daladala ya Raskazone. Kwetu ndege ndogo ni ya mgeni na mwenye fedha zake. Nikamfikiria mja mzito wa visiwani kwetu, uchungu umemshika, anasubiri maji yajae ndipo chombo kielee. Watu wachache nao ni watu.

Ukifika, usikose Knap of Howar, nyumba mbili za mawe kando ya bahari, kongwe kuliko mapiramidi ya Misri. Kutoka kiwanjani ni mwendo wa miguu. Vaa koti zito hata kama jua linawaka, na ushungi uubane kwa pini kabla mlango haujafunguliwa, maana upepo wa kule haubishi hodi.

Nyota tano. Mwakani, Mungu akipenda, nakwenda tena na dada yangu wa Mikanjuni, na yule bwana nampelekea kikapu chake.